Tahadhari: Pikipiki Iliyofungwa Dairekti Isilale Chini ya Ngazi

Ilani hii inawahusu wenye pikipiki kuukuu wa Tena, Umoja na Donholm, mafundi wanaofanya kazi kando ya Outer Ring Road na Manyanja Road, na watunzaji wa majumba ya kupangisha ambako pikipiki hulazwa ndani usiku.

Taa zikizima, au betri ikikataa kushika chaji, usikubali kuunganishiwa dairekti. Mambo mawili hufanywa chini ya jina hilo. La kwanza ni kuruka regulata, ili umeme wa injini uende kwenye betri na taa bila kuzuiwa. La pili ni kuziba mahali pa fyuzi kwa kipande cha waya, msumari au ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Utalipa pesa kidogo, pikipiki itawaka, na taa zitamulika kuliko zilivyomulika mwaka jana. Baadaye betri itachemka, balbu zitaungua moja baada ya nyingine, na waya unaweza kuyeyuka chini ya tangi la petroli. Hilo likitokea Outer Ring unajikuta gizani katikati ya malori. Likitokea saa tisa usiku, pikipiki ikiwa chini ya ngazi, moto unazuka kwenye njia pekee ambayo watu wa ghorofa nzima wangekimbilia.

Msimu wa kazi hizi ni msimu wa mvua, masika na vuli. Maji huingia kwenye konekta ambazo plastiki yake imekauka na kupasuka kwa uzee, taa zinaanza kufifia, na Nairobi saa moja jioni kumeshaingia giza mwezi wowote wa mwaka. Mwenye pikipiki ana haraka ya kufika nyumbani, fundi ana foleni, na dairekti huchukua dakika tano. Takwimu za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, kila mwaka huwaweka waendesha pikipiki na abiria wao, pamoja na waendao kwa miguu, kati ya wanaouawa zaidi barabarani. Pikipiki isiyo na taa ya nyuma usiku haionekani, na pikipiki ya dairekti ndiyo inayopoteza taa ya nyuma bila mwenyewe kujua.

Fanya haya leo, kabla giza halijaingia

Kwanza, tafuta fyuzi. Fungua kifuniko cha pembeni, ushike waya mkuu unaotoka kwenye betri, ule usiofungwa kwenye fremu, uufuate. Karibu tu na betri utakuta kikopo cha fyuzi: kwenye pikipiki za zamani ni kijibomba cha kioo, kwenye za karibuni ni kijibapa cha plastiki cha rangi. Ukikuta waya, karatasi ya sigara au chochote kingine, pikipiki hiyo isiguse barabara wala isiingie ndani ya nyumba mpaka iwekwe fyuzi ya ampea zilizoandikwa kwenye kikopo chake au kwenye kitabu chake. Kwa pikipiki ndogo nyingi za Kijapani, fyuzi hiyo ni kati ya ampea 7 na 15. Usiweke ya 30 kwa sababu ile ya 10 inakatika kila mara. Fyuzi inayokatika kila mara inakuonyesha kwamba mahali fulani waya umepiga shoti.

Pili, tafuta regulata. Ni kiboksi cha alumini chenye mapezi ya kupooza joto, kimefungwa kwa bolti kwenye fremu, chini ya kiti au chini ya tangi. Angalia kama plagi yake imechomekwa. Ukikuta nyaya zimekatwa kabla ya kufika hapo, zikasokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi, umefungiwa dairekti. Hapa kuna jambo la kukumbuka: baadhi ya pikipiki ndogo za volti 6 zilitoka kiwandani bila regulata, zikiwa na rektifaya peke yake. Za namna hiyo zina hatari yake, nitaieleza.

Tatu, zima injini, kisha nusa na kugusa. Harufu ya yai bovu karibu na betri, betri iliyovimba mbavu, maji ya betri yanayokwisha kila wiki, au waya wenye joto la kukufanya uondoe kidole: yoyote kati ya hizo inatosha kuisimamisha pikipiki.

Nne, ukiwa na shaka, ikate betri. Anza kwa kufungua waya unaokwenda kwenye fremu, ndipo ufungue ule mwingine. Wakati wa kurudisha, wa fremu ndio wa mwisho. Ukifuata utaratibu huo, spana ikiteleza na kugusa chuma haitapiga shoti.

Kwa nini dairekti huunguza

Ndani ya injini kuna sumaku inayozungukia koili. Kadiri injini inavyozunguka kwa kasi ndivyo koili inavyotoa volti nyingi. Koili ya pikipiki ya volti 12, ikichomolewa kwenye kila kitu na injini ikapandishwa resi, huweza kutoa zaidi ya volti 50. Kazi ya rektifaya ni kuugeuza umeme huo unaokwenda huku na huku uwe wa upande mmoja, kwa kuwa betri haichajiwi na mwingine. Kazi ya regulata ni kuuzuia usipite kiasi ambacho betri na balbu zinaweza kustahimili, yaani volti 14 na ushei. Vifaa hivyo viwili mara nyingi hukaa ndani ya kiboksi kimoja. Fundi anayeiruka regulata huiachia betri iupokee umeme wote ambao injini inaweza kutoa ukitoka Tena mpaka mjini kwa kasi.

Betri ya maji ikipewa umeme kupita kiasi huyachemsha maji yake na kutoa hewa ya hidrojeni. Hidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyo mahali fulani, cheche moja hutosha kuilipua. Cheche hiyo hutoka kwenye swichi ya honi, kwenye terminali iliyolegea, au kwenye sigara ya mtu aliyeinama kuangalia tatizo ni nini.

Fyuzi nayo ipo kwa ajili ya waya. Taa ya mbele ya wati 35 kwenye volti 12 hula ampea 3 hivi, na waya wake umepimwa kwa kazi hiyo. Ganda la waya likikwaruzwa na shingo ya fremu mahali pale usukani unapogeukia, chuma kikagusa chuma, hata betri ndogo humwaga makumi ya ampea kwa mara moja. Fyuzi ikiwepo hukatika papo hapo na mambo yameisha. Pakiwa na karatasi ya sigara, kitu kinachokatika ni waya wenyewe, baada ya kuwa mwekundu kama waya wa jiko la umeme, na umepita katikati ya kabureta na tangi.

Tena usidhani kuzima swichi kunakuokoa. Waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye swichi ya funguo, pamoja na ule wa kwenda kwenye rektifaya, una umeme usiku na mchana. Panya akiutafuna au ganda lake likipasuka, pikipiki iliyozimwa tangu jioni inaweza kushika moto alfajiri. Kwa mpangaji anayelala juu ya pikipiki ya jirani, fyuzi iliyo ndani ya kifuniko cha pembeni ndiyo ulinzi wake.

Balbu moja huua nyingine

Sasa nirudi kwa zile pikipiki ndogo za zamani zisizo na regulata upande wa taa. Waliozibuni walipiga hesabu kwamba umeme wa koili ya taa utaliwa na balbu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, na ulaji huo ndio unaozuia volti zisipande. Balbu ya mbele ikiungua, umeme wote hukimbilia ya nyuma, ambayo ni ya wati chache tu. Nayo huungua baada ya sekunde kadhaa za resi. Mwenye pikipiki huona taa moja imekufa mbele yake. Ya nyuma imekufa pia, na anayeligundua hilo ni dereva wa matatu anayekuja nyuma yake.

Kwa sababu hiyo balbu ya pikipiki kuukuu hainunuliwi kwa kutazama mdomo wake tu. Angalia volti na wati zilizochapwa kwenye kola yake. Ukiweka ya wati chache kuliko iliyokuwepo, unaziongezea mzigo zilizobaki. Balbu ya LED ni mtego uleule: hula umeme kidogo sana, kwa hiyo kwenye saketi isiyo na regulata huweza kuiua taa ya nyuma siku ileile uliyoisifu kwa mwanga wake. Ukitaka LED, weka kwanza regulata inayofaa.

Na zile taa mbili za spoti zinazofungwa kwenye usukani? Pikipiki nyingi ndogo za zamani hazizalishi hata wati 100 kwa jumla, na humo humo plagi ya injini, taa na betri vinataka fungu lao. Spoti zikila kuliko kinachozalishwa, betri huliwa kidogo kidogo kila usiku. Mwenyewe huilaumu betri, hununua nyingine, nayo hufa, na mwisho huambiwa suluhisho ni dairekti. Wengi wanaofika kwenye dairekti walianzia kwenye spoti.

Rangi za nyaya zinazodanganya

Pikipiki kuukuu zinazoonekana mitaa yetu zina asili mbalimbali. Kuna Honda za familia ya Super Cub, ambayo ilianza mwaka 1958. Kuna Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa na injini ya fimbo za kusukuma valvu, ngumu na rahisi kutengeneza, na ambayo viwanda vya China viliinakili mpaka injini za mtindo wake zikajaa kwenye steji za bodaboda. Kuna Yamaha AG na DT za mashambani, na mara mojamoja BSA, Triumph au Royal Enfield ya babu iliyotolewa stoo. Fundi anayezifunga zote kwa kukariri rangi za pikipiki moja ataziunguza zilizobaki.

Honda, kwa kawaida, huweka waya wa kijani kuwa ndio unaokwenda kwenye fremu, na mweusi ukawa na umeme funguo zikifunguliwa. Yamaha hugeuza: mweusi ndio wa fremu, na wa kahawia ndio wenye umeme wa swichi. Fundi aliyezoea Yamaha akichukua mweusi wa Honda akaufunga kwenye bolti ya fremu, akifungua funguo ameshapiga shoti. Pakiwa na fyuzi, hasara yake ni bei ya fyuzi. Pakiwa na msumari, ni nyaya zote.

Za Kiingereza zenye vifaa vya umeme vya Lucas zina mtego mkubwa zaidi. Nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 hufungwa chanya ya betri kwenye fremu, wala si hasi, na waya mwekundu ndio wa kwenda kwenye chuma. Anayeweka betri mpya kwa mazoea ya Kijapani, hasi kwenye fremu, huichoma rektifaya mara waya wa pili unapogusa terminali. Kabla ya kutoa betri ya zamani piga picha kwa simu, kisha andika kwa rangi chini ya kiti: chanya kwenye fremu, au hasi kwenye fremu. Asiyeamini kwamba pikipiki za umri huo zinaweza kuwa na taa zinazofanya kazi bila ujanja, aende Ngong Racecourse siku ya Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanza mwaka 1970, azione zilivyotunzwa.

Jambo jingine ni volti 6. Honda na Yamaha nyingi ndogo za miaka ya 1970 ni za volti 6. Taa ya wati 35 kwenye volti 6 hula karibu ampea 6, mara mbili ya ile ya volti 12, kwa hiyo kutu kidogo kwenye konekta huiba mwanga mwingi. Watu huona taa hafifu wakaweka betri ya volti 12 ili ing'ae. Itang'aa jioni hiyo, kisha balbu za betri, honi na indiketa zitakufa. Dawa ya volti 6 hafifu ni kusugua konekta na kukaza bolti ya waya wa fremu.

Pima kabla ya kununua

Mita ndogo ya kupimia volti ni rahisi mno kuliko betri. Fundi asiye nayo hawezi kujua kilichokufa, atabahatisha kwa pesa zako. Mazungumzo huwa hivi:

"Mzee, regulata imekufa hii. Nikupigie dairekti? Mia tatu tu, unaenda."

"Kijana wangu, nipimie betri kwanza, injini ikiwa imezimwa, halafu ikiwa imewashwa. Tukishaona namba tutaongea bei."

Namba zenyewe ni hizi. Betri ya volti 12 iliyopumzika usiku kucha na kushiba husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 ina njaa, na ikichajiwa vizuri halafu ikarudi hapo kesho yake bila kutumika, ama imekufa ama kuna kitu kinainyonya. Ya volti 6 iliyoshiba husoma 6.3 au zaidi kidogo.

Washa injini, pandisha resi mpaka mwendo wa barabarani, tazama mita iliyo kwenye betri. Ikisoma kati ya 13.5 na 14.8, mfumo wa chaji ni mzima na tatizo la taa liko kwingine: swichi, konekta, balbu. Isipopanda kabisa kutoka pale ilipokuwa, hakuna chaji. Ikipita 15, regulata imeharibika au haishiki fremu vizuri, na pikipiki isiende safari mpaka itengenezwe. Kwa volti 6, tarajia 7 mpaka 7.5, na ikifika 8 zima.

Kama haipandi, chomoa plagi ya nyaya zinazotoka ubavuni mwa injini. Kwenye pikipiki zenye nyaya tatu za njano, weka mita kwenye upande wa umeme unaogeukageuka, upime mbili mbili kwa zamu. Jozi zote tatu zisome karibu sawa, na zipande pamoja resi ikipanda. Moja ikibaki nyuma, koili imeungua. Injini ikiwa imezimwa, pima kama waya wowote wa njano unafika kwenye fremu. Ukifika, koili imevuja. Lakini usitoe hukumu hiyo kwa Honda ndogo na CG za zamani, ambazo ncha moja ya koili imefungwa kwenye fremu kwa makusudi. Hapo kufika kwenye fremu si ugonjwa.

Koili ikiwa nzima, usikimbilie kununua regulata. Washa taa zote, weka ncha moja ya mita kwenye terminali ya betri iliyofungwa kwenye fremu, na ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha fremu. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, waya wa fremu umeoza au bolti yake imekula kutu na rangi. Fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi kidogo. Fanya hivyo pia mahali regulata inapofungwa. Regulata nyingi zinazotupwa ni nzima. Zilikosa kushika chuma tu. Yote haya yakiwa sawa, basi regulata imekufa kweli. Nenda Kirinyaga Road ukiwa na ile ya zamani mkononi, ulinganishe idadi ya nyaya na plagi, maana kiboksi kinachofanana kwa umbo si lazima kifanane ndani.

Kuna kipimo kingine kisichotaka mita. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, taa kubwa ya mbele hulishwa na koili moja kwa moja, na honi, indiketa na taa ya breki hulishwa na betri. Honi ikilia vizuri lakini taa kubwa imekufa, usinunue betri. Taa kubwa ikiwa nzuri ukipandisha resi lakini indiketa zimegoma kupepesa, anzia kwenye betri.

Na injini ikiwa inanguruma, betri isichomolewe kamwe. Wapo mafundi wanaofanya hivyo "kujaribu chaji". Betri ndiyo inayotuliza volti. Ikitoka ghafla, volti huruka, na zinaweza kuua balbu, regulata na sidiai (CDI, kiboksi cha kuwasha plagi ya injini) kwa mkupuo mmoja.

Betri nyumbani

Kwenye vyumba vya kupanga, betri huingizwa ndani na kuchajiwa kando ya kitanda. Usifanye hivyo. Ichajie mahali penye hewa, mbali na jiko na mtungi wa gesi, vifuniko vya maji vikiwa vimefunguliwa kama ni ya kuongezwa maji. Kipimo cha chaji ni sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya ampea-saa 5 ichajiwe kwa nusu ampea. Chaja kubwa ya gari huichemsha. Usiiamshe pikipiki kwa nyaya kutoka kwenye gari linalonguruma. Gari likiwa limezimwa, na volti zikiwa zinalingana, hatari hupungua.

Maji ya kuongeza ni yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa chupa; ya mfereji hayafai. Asidi haiongezwi kwenye betri iliyopungua maji tu. Bomba dogo la kupumulia lishuke mpaka chini ya fremu, lisielekee mnyororo. Asidi ikiruka jichoni, suuza kwa maji mengi ya kutiririka kwa dakika 15 au zaidi, ndipo uende hospitali, Mama Lucy Kibaki au yoyote iliyo karibu. Maji kwanza, safari baadaye.

Betri iliyokufa isipasuliwe kutafuta risasi, wala isimwagwe asidi yake mtaroni wanakocheza watoto. Mombasa kuna somo lililolipiwa kwa afya za watu. Mtaa wa Owino Uhuru ulichafuliwa kwa risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, na watoto wakapatikana na sumu hiyo kwenye damu. Phyllis Omido aliyeongoza mapambano hayo alitunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rudisha betri kuukuu dukani unaponunua mpya. Wauzaji wengi hukupunguzia bei.

Pikipiki ilale wapi

Najua kwa nini pikipiki huingizwa ndani: ikilala nje, asubuhi haipo. Hata hivyo iingie kwa masharti. Isikae chini ya ngazi wala kwenye korido ya kutokea. Koki ya petroli ifungwe, kabureta isiwe inadondosha, na waya wa betri unaokwenda kwenye fremu ufunguliwe au uwekewe swichi ya kukatia. Swichi hiyo ni jambo dogo, na kwa pikipiki ya umri wa miaka 30 au 40 ni lazima. Mtunza nyumba ana haki ya kuuliza pikipiki ina fyuzi kabla ya kufungua geti, na mpangaji mwenye pikipiki asilione swali hilo kuwa dharau.

Moto ukizuka, toa watu kwanza. Usiisukume pikipiki inayowaka kuipitisha mlangoni, kwa kuwa petroli itamwagika njiani. Usiimwagie maji, maji hutandaza petroli. Tumia kizima-moto cha unga au mchanga kama moto bado ni mdogo, la sivyo funga mlango nyuma yako, upige 999 au 112.

Kwa mafundi

Mteja anayelia bei hukupa kishawishi, na ukikataa dairekti ataenda kwa jirani yako atakayeikubali. Ndiyo maana jambo hili linahitaji mafundi wa safu nzima na viongozi wa steji wakubaliane: hakuna anayefunga dairekti. Mteja asiyeweza kununua regulata leo, aiache pikipiki kwako mpaka apate pesa, au, kama tatizo ni kutochaji tu, mwambie asiiendeshe usiku. Pikipiki ikifika kwako na dairekti ya fundi mwingine, ifungue kabla ya kufanya kazi yoyote, kwa sababu ikiungua jioni itahesabiwa kuwa yako.

Na wewe mwenye pikipiki, kabla ya kulipa, dai mambo matatu: uonyeshwe fyuzi iliyomo na ampea zake, uonyeshwe mita ikisoma chini ya volti 15 (chini ya 8 kwa pikipiki ya volti 6) injini ikiwa na resi, na taa ya nyuma iwashwe ukiwa umesimama nyuma yake mwenyewe. Fundi akikataa kukuonyesha hata moja, usimlipe, sukuma pikipiki yako mpaka kwa fundi mwenye mita.